Kalamu Inayochelea Kukosea

Chini ya kitanda changu lipo sanduku la bati la rangi ya kijani, la namna ile tuliyokuwa tukiibeba kichwani kwenda shule za bweni. Ndani yake mna madaftari kumi na moja, bahasha tatu za picha, na vikaratasi visivyo na idadi. Hiyo ndiyo kazi yangu ya miaka zaidi ya ishirini. Nilikusudia iwe kitabu cha historia ya walimu wa kwanza wa wilaya yetu, wale waliofundisha chini ya miembe kabla ya shule kuwa na kuta. Kitabu hicho hakipo. Ipo sura ya kwanza, ambayo nimeiandika mara kumi na saba. Sura ya pili haijaanza.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi nimeinama mara nyingi sana kulivuta sanduku hilo. Tatizo langu halikuwa kuinama, bali kuinuka na kitu mkononi.

Ndugu msomaji, sikuwa mvivu. Nilifanya kazi katika chuo cha ualimu, kwanza kama mkufunzi na mwishowe kama mkuu wa chuo, na katika miaka hiyo sikupata kuingia darasani bila andalio la somo. Kilichonikwamisha kilikuwa ni maamuzi. Kila nilipokaa kuandika, swali lilisimama mlangoni kama askari. Je, nianze na shule za Wajerumani, au nianze na mafunzo ya jando na unyago, ambayo ndiyo shule yetu ya asili? Nipange habari kwa miaka au kwa vijiji? Maneno ya wazee niyaandike kama walivyoyatamka, au niyanyoshe yawe Kiswahili sanifu? Wazee wawili wakitofautiana juu ya mwaka, nimfuate yupi? Nilijiambia kwamba kila swali lazima lipate jibu lililo bora kuliko yote kabla sijaendelea. Na kwa kuwa jibu lililo bora kuliko yote halikutokea, nililifunga daftari, nikalala nikiwa na amani ya uongo, kama mtu aliyefanya kazi.

Kwa muda mrefu nilidhani maradhi haya ni yangu peke yangu. Nilipostaafu na kupata nafasi ya kusoma taratibu, ndipo nilipogundua kwamba historia ina wagonjwa wengi wa namna yangu, na baadhi yao ni watu wakubwa.

Mmoja wao ni mwanahistoria wa Uingereza aitwaye Lord Acton. Wengi wetu tunaujua usemi wake mmoja hata kama hatulijui jina lake, ule wa jinsi madaraka yanavyomharibu mwenye nayo. Alizaliwa Naples, Italia, mwaka 1834, akasomea Munich kwa mwalimu hodari, na nyumbani kwake Aldenham alikusanya maktaba ya vitabu kama 60,000. Azma yake kuu ilikuwa kuandika historia ya uhuru wa binadamu tangu zama za kale mpaka wakati wake. Hakuna aliyekuwa na maandalizi kuliko yeye. Alizijua lugha, alikuwa na vitabu, na aliruhusiwa kuingia katika nyaraka za kale za nchi mbalimbali. Mwaka 1877 alitoa mihadhara miwili juu ya habari hiyo katika mji mdogo wa Bridgnorth, na watu wakangoja kitabu. Wakangoja sana. Mwaka 1895 alifanywa profesa wa historia katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Mwaka 1902 akafariki, na historia ya uhuru haikuwa imeandikwa. Kilichobaki kilikuwa masanduku ya vikaratasi alivyonakili kutoka katika vitabu vya watu wengine. Mihadhara na makala zake zilikusanywa na wenzake na kutolewa vitabu baada ya kifo chake.

Liko jambo moja katika habari za Acton ambalo limenifikirisha kuliko yote. Usemi wake ule wa madaraka, unaotajwa duniani kote, hakuuandika katika kitabu. Aliuandika katika barua ya mwaka 1887 kwa mwanahistoria mwenzake, Mandell Creighton, walipokuwa wakibishana. Barua haikumpa nafasi ya kungoja. Kulikuwa na mtu upande wa pili aliyehitaji kujibiwa, naye akamjibu. Alipoandika kwa ajili ya mtu mmoja, kalamu yake ilitembea. Alipoandika kwa ajili ya historia nzima ya binadamu, ilisimama.

Lakini hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Hapa kwetu pwani tunao mfano wa karne hiyo hiyo, nao unahusu lugha hii hii ninayoiandika.

Mwaka 1844 mmisionari wa Kijerumani, Ludwig Krapf, alifika Mombasa. Kabla mwaka haujamalizika alikuwa amemzika mkewe na mtoto wao mchanga. Hata hivyo alianza mara moja kukusanya maneno ya Kiswahili. Mwaka 1846 alikuja mwenzake, Johannes Rebmann, wakahamia Rabai, juu ya vilima nyuma ya Mombasa. Mwaka 1849 akaja wa tatu, Jakob Erhardt. Watu hawa watatu walikuwa na kazi moja, lakini katika suala la kuandika kila mmoja alikuwa na tabia yake.

Krapf alikuwa mtu wa kutoa alichonacho. Mwaka 1850, miaka sita tu baada ya kufika, alipigisha chapa huko Tübingen kitabu kidogo cha misingi ya sarufi ya Kiswahili. Kilikuwa na kasoro nyingi, lakini kilikuwepo.

Erhardt alikwenda Tanga, akaishi huko miezi kadhaa mwaka 1854, akiwauliza wafanyabiashara wa misafara habari za bara. Kila aliyeulizwa alisema kuna maji makubwa. Aliyetoka kusini alisema kuna maji, aliyetoka magharibi alisema kuna maji, na aliyetoka kaskazini-magharibi alisema hivyo hivyo. Erhardt akahitimisha kwamba maji hayo yote ni ziwa moja, akachora ramani yenye ziwa kubwa mno, lililojikunja katikati ya Afrika kama konokono asiye na gamba. Kufikia mwaka 1856 ramani hiyo ilikuwa imetolewa Ulaya, nayo ilikuwa na makosa yasiyofichika. Alikuwa ameunganisha Nyasa, Tanganyika na Nyanza kuwa ziwa moja. Mabwana wa jiografia wa London waliitazama, wakacheka, wakabishana. Kisha wakafanya jambo la maana: ubishi ule ulisaidia kuwapeleka Richard Burton na John Speke kwenda kuhakikisha. Wakaondoka pwani mwezi Juni 1857, wakalifikia Ziwa Tanganyika Februari 1858, na mwezi Agosti mwaka huo huo Speke akasimama karibu na Mwanza akiitazama Nyanza.

Natumaini unaona ninakoelekea. Ramani ile mbovu ndiyo iliyozaa ramani nzuri. Kama Erhardt angengoja mpaka awe na hakika ya umbo la ziwa, angengoja mpaka kaburini, kwa sababu hakuna mfanyabiashara mmoja aliyelijua umbo hilo lote. Kosa lake lilikuwa wazi mbele ya watu, na kwa kuwa lilikuwa wazi, wengine waliweza kwenda kulisahihisha.

Sasa tumtazame Rebmann. Huyu naye alikuwa na ujasiri wa kusema. Tarehe 11 Mei 1848 aliiona theluji juu ya Kilimanjaro, akaandika alichokiona, na habari yake ikachapishwa mwaka uliofuata. Bingwa mmoja wa jiografia aliyekuwa London, William Desborough Cooley, alimkanusha vikali bila kuiona Afrika Mashariki kwa macho yake. Msafara wa Baron Carl Claus von der Decken, wa miaka ya 1861 na 1862, ndio uliothibitisha kwamba theluji ipo. Lakini katika kazi yake ya lugha, Rebmann alikuwa mtu wa namna nyingine. Krapf aliondoka mwaka 1853 na Erhardt mwaka 1855, yeye akabaki Rabai, jumla ya miaka 29. Miaka hiyo aliitumia kwa kiasi kikubwa katika kukusanya na kupanga maneno. Alikuwa na kamusi ya Kiswahili mkononi, alikuwa na maneno ya lugha ya watu wa Rabai na jirani zao, na tangu mwaka 1853 aliandika pia kamusi ya lugha aliyoiita Kiniassa, kwa msaada wa mtu aliyeletwa pwani utumwani kutoka pande za Ziwa Nyasa. Alipima, akaongeza, akapima tena. Macho yakaanza kufifia, hatimaye yakazimika. Mwaka 1875 aliongozwa kwa mkono kurudi kwao Ujerumani, na mwaka uliofuata akafariki.

Hakuna hata moja kati ya kamusi hizo iliyotoka wakati wa uhai wake. Ile ya Kiniassa ilitolewa mwaka 1877 kwa juhudi za Krapf, mzee ambaye naye alikuwa amebakiza miaka michache. Kamusi kubwa ya Kiswahili ya Krapf ilitoka London mwaka 1882, na Krapf mwenyewe hakuiona, maana alifariki Novemba 1881. Ile ya lugha ya Rabai ilingoja mpaka mwaka 1887. Yale maneno yaliyoanza kukusanywa mwaka 1844 yalichukua miaka 38 kufika kwa msomaji.

Sitaki kumdhulumu marehemu. Rabai haikuwa na mtambo wa kupiga chapa, barua zilichukua miezi, na homa ilikuwa mgeni asiyebisha hodi. Mtu aliyepoteza macho yake juu ya maneno ya Waafrika anastahili heshima yetu. Wala sisemi kwamba kamusi ya mwaka 1882 haina thamani. Wachunguzi wa lugha huifungua hadi leo kutafuta maneno ya Kimvita cha zamani yasiyopatikana kwingine. Nasema tu kwamba ilipotoka, ilikuta kiti kimekwisha kukaliwa.

Aliyekikalia kiti hicho alikuwa Edward Steere. Alifika Unguja mwaka 1864, miaka ishirini baada ya Krapf kufika Mombasa. Misheni yao ilikuwa na mtambo mdogo wa chapa, na vijana waliokombolewa utumwani wakajifunza kuutumia. Mwaka 1870, miaka sita tu baada ya kushuka jahazini, Steere alitoa kitabu chake cha kufundishia Kiswahili kama kisemwavyo Unguja, na mwaka huo huo akatoa mkusanyo wa hadithi za Kiswahili. Je, kwa miaka sita alikuwa amekijua Kiswahili kuliko Rebmann aliyekaa miaka 29? Sidhani. Lakini Steere alikiweka kitabu mezani, watu wakakitumia, wakakikosoa, na baada yake A. C. Madan akakirekebisha. Huyo Madan akatoa kamusi zake, ya Kiingereza kwa Kiswahili mwaka 1894 na ya Kiswahili kwa Kiingereza mwaka 1903. Juu ya msingi wa Madan, Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, chini ya Frederick Johnson, ikajenga kamusi zilizotoka mwaka 1939. Johnson naye hakuziona, alikuwa amefariki miaka miwili kabla. Baada ya hizo ikaja Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, iliyotungwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambayo nayo imerudiwa na kuongezwa zaidi ya mara moja.

Ukitazama mlolongo huo utaona kwamba hapana hata mmoja aliyemaliza. Kila mmoja alipokea kitu chenye upungufu, akakipunguzia upungufu, akakikabidhi mbele. Lugha yetu ilijengwa na watu waliokubali kuonekana wamekosea. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hakijai kama kila mwenye haba yake anaificha mpaka iwe pishi.

Sasa nirudi kwenye sanduku langu, maana si haki kuwakosoa waliokufa na kujificha mwenyewe.

Katika wazee niliowahoji alikuwepo mmoja aliyeanza kufundisha akiwa kijana asiye na ndevu. Ubao wake ulikuwa mlango wa zamani uliopakwa masizi ya chungu, na chaki yake ilikuwa kipande cha muhogo mkavu. Kuhusu huyu nilijaza daftari moja na nusu. Kila nilipopita kumsalimu, baada ya shikamoo na marahaba, aliniuliza, "Mwanangu, kitabu kimefika wapi?"

"Bado kidogo, Mzee," nilimjibu. "Kuna mambo nataka niyahakikishe kwanza."

Mwaka mmoja hakuridhika na jibu hilo. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Hata ukurasa mmoja huna? Nisomee huo mmoja. Palipokosewa nitakusahihisha, maana mimi nilikuwepo."

Ukurasa ulikuwepo, katika mkoba wangu, siku ile ile. Sikuutoa. Ulikuwa umejaa mistari iliyokatwa, nami niliona aibu kumsomea mwalimu wangu wa heshima kazi chafu. Nikamwambia nitauleta ukiwa safi. Fikiri, ndugu msomaji. Mtu pekee aliyekuwa na uwezo wa kuusafisha ukurasa ule alikuwa ameketi mbele yangu kwenye kiti cha kamba, ananiomba nimpe kazi hiyo, nami namnyima kwa sababu ukurasa haujawa safi.

Mzee alifariki kabla ya mwaka kuisha. Nilifika msibani jioni. Wajukuu zake walinifuata, wakaniomba niandae wasifu wa marehemu wa kusoma kesho yake kabla ya maziko, kwa kuwa walijua nimekaa naye miaka mingi nikiandika habari zake. Usiku ule nilikaa na taa ya chemli na daftari moja na nusu, nikaanza. Nikajiuliza nianze na kuzaliwa kwake au na siku ya kwanza ya ule ubao wa masizi. Nikajiuliza kama mwaka aliouanza ualimu ni ule alionitajia yeye au ule alionitajia mwenzake. Kulipokucha nilikuwa na mianzo minne na hapana mwisho.

Wasifu uliosomwa uliandikwa na kijana mmoja wa ukoo, karani, kwa dakika chache, kwenye karatasi iliyochanwa katika daftari la shule. Ulikuwa na makosa mawili ya miaka ambayo mimi niliyajua. Ulikuwa na sentensi moja isiyo na kitenzi. Na watu walilia. Mzee mmoja alisimama baadaye akasahihisha mwaka mmoja, kwa upole, na mama mmoja akaongeza habari ambayo haimo katika madaftari yangu yote kumi na moja, kwamba marehemu alikuwa akiwafundisha wasichana kusoma jioni, wakati ambapo baba zao walikuwa hawajakubali waje shule mchana. Nilisimama pale na ujuzi wangu wote kwapani, sikuwa na la kusoma.

Siku ile nilielewa kwamba nilichokiita umakini kilikuwa sehemu kubwa ni woga. Umakini humfanya mtu aulize, asome na arekebishe, kisha hutoa kazi. Woga huvaa nguo za umakini, huuliza, husoma, hurekebisha, lakini hautoi kitu kamwe, kwa sababu haja yake ni kumlinda mwandishi asikosolewe. Mtu asiyetaka kusahihishwa anataka, bila kujua, kuwa wa mwisho kusema. Na katika historia hakuna wa mwisho kusema.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba woga huu niliufundisha. Nilikuwa mkufunzi maarufu kwa kalamu nyekundu. Mwanachuo mmoja, msichana aliyetoka kijijini, aliniletea insha ya kurasa nne juu ya safari ya mama yake kutafuta chumvi. Nilizirudisha zikiwa nyekundu kama zimechinjiwa kuku. Wiki iliyofuata alileta nusu ukurasa, umepangwa vizuri, hauna kosa hata moja, na hauna kitu. Nilimwuliza kurasa nyingine ziko wapi. Akatazama chini akasema, "Nilichelea kukosea, Mwalimu." Nikampa alama za juu. Alama zile ndizo kosa kubwa nililopata kulitenda darasani, na hakuna aliyelipigia mstari mwekundu.

Namkumbuka pia mwandishi wetu Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962. Sehemu kubwa ya maisha yake alikuwa karani wa serikali, aliyeandika kwa muda uliobaki baada ya kazi za watu. Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja ambaye sahani zake za santuri zilirekodiwa Bombay mwaka 1928, alipokuwa amekwisha kuzeeka, Shaaban Robert alimwendea nyumbani kwake, akaketi naye, akayapokea maelezo ya maisha yake. Siti alifariki mwaka 1950, miezi michache baada ya mazungumzo hayo. Kitabu kilichotokana nayo kina sura zake zenye upungufu, na wachunguzi wa baadaye wameona mengi ya kuongeza. Lakini wote wanaoandika juu ya Siti huanzia hapo. Nikiulizwa nini kingetokea kama Shaaban Robert angesubiri apate likizo ndefu na maelezo kamili, ninalo jibu, maana jibu hilo limo ndani ya sanduku langu la bati.

Basi nimefanya uamuzi mmoja, ambao si bora kuliko yote, lakini ni uamuzi. Sitaandika kile kitabu. Umri wangu hauniruhusu kuendelea kudanganyana nacho. Badala yake nimechukua daftari moja baada ya jingine, na kila wiki naandika ukurasa mmoja juu ya mwalimu mmoja. Siangalii uzuri wake. Nikifika chini ya ukurasa naacha, hata kama sentensi inadai zaidi. Kisha naupeleka ukurasa huo kwa jamaa wa mwalimu huyo, na kuwaomba wanisahihishe. Mpaka sasa nimepeleka kumi na nne. Kumi na mmoja umerudi na masahihisho, mengine kwa hati za watoto wa shule walioandika kwa niaba ya bibi zao. Napenda kukiri kwamba mara ya kwanza niliumia. Sasa nayangojea, kama zamani nilivyongojea barua.

Kwa mali bila daftari, walisema wazee, hupotea bila habari. Mimi nililitunza daftari vizuri hata habari zikakaribia kupotelea ndani yake.

Ukurasa wa kwanza niliouandika ulikuwa wa yule mzee wa ubao wa masizi. Nausoma hapa, ndugu msomaji, jinsi ulivyo, mistari yake michache ya mwanzo:

Alikuwa mrefu, mweusi, mwenye sauti ya chini. Alianza kufundisha akiwa na wanafunzi saba chini ya mwembe, na nusu yao walikuwa wamemzidi umri. Ubao wake ulikuwa mlango. Asubuhi ulikuwa ubao, na usiku aliurudisha nyumbani ukafunga chumba alicholala. Jioni aliwafundisha wasichana kusoma, kwa siri. Habari hii ya wasichana hakunieleza yeye. Nimeisikia kwa mama mmoja, siku ya maziko yake.

Umeandikwa kwa haraka, na mwaka aliouanza kazi nimeuacha wazi. Aliyemfahamu mzee huyo kuliko mimi, tafadhali anisahihishe.